Kuinua Programu Iliyoanguka Si Kuiponya

Katika kila chumba chenye seva, kiwe ni cha benki, cha hospitali au cha shule ya sekondari iliyobahatika kuwa na mtandao wake, hufanyika kazi usiku na mchana bila ya mtu kuitazama. Seva ni kompyuta iliyowekwa kuzihudumia nyingine: huhifadhi majalada, hupokea maombi kutoka katika kompyuta na simu zilizo mbali, na huyajibu. Ndani yake hazifanyi kazi programu moja au mbili, bali makumi na pengine mamia, kila moja ikiwa imegawiwa sehemu yake ya kumbukumbu na zamu yake ya kuitumia prosesa. Programu iliyo katika hali ya kutenda kazi huitwa mchakato. Tofauti iliyopo baina ya programu na mchakato ni kama ile iliyopo baina ya maelezo ya mapishi na chungu kilichoko jikoni. Maelezo hayaungui, kiunguacho ni chungu.

Michakato hufa, na sababu za kufa ni nyingi. Mmoja huambiwa ugawanye kwa sifuri. Mwingine hujaribu kuandika katika diski iliyojaa, na mwingine hugusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, nao mfumo wa uendeshaji ukauondoa pale pale ili usiwadhuru wenziwe. Zamani za mashine kubwa, kifo cha namna hiyo kilimpasa mtumishi wa zamu ainuke, asome taa na karatasi, kisha aianzishe kazi upya kwa mkono wake. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa programu nyingine. Mchakato ukianguka saa nane za usiku, mlinzi huuinua katika muda usiotosha kufumba na kufumbua, na asubuhi watu huingia kazini pasipo kujua kwamba kulikuwa na msiba.

Wapo wataalamu wanaoitukuza desturi hii kuwa kilele cha ufundi, na wapo wanaoibeza kwa kusema ni uvivu uliovishwa nguo nzuri. Wote wawili wana sehemu ya haki. Kuinua kwa mashine kile kilichoanguka ni maarifa ya kweli, yenye msingi unaoweza kuelezwa kwa hoja. Lakini maarifa hayo yana masharti, na masharti hayo ndiyo yanayosahauliwa upesi kuliko jambo lingine lolote katika utunzaji wa seva. Vijana wanaofundishwa kompyuta leo ndio watakaozitunza seva za hospitali na za hazina kesho, na kwa hiyo yafaa wayajue masharti hayo tangu wakiwa darasani.

JINSI MLINZI ANAVYOPATA HABARI ZA KIFO

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie, unawafaa sana wanafunzi kwa sababu ukoo wa michakato yake uko wazi. Kila mchakato una mzazi aliyeuzaa, na kila mmoja una namba yake. Namba 1 ni ya mchakato wa kwanza kabisa, babu wa wote, ambao kwa muda mrefu umeitwa init. Mchakato ukifa, kiini cha mfumo humpelekea mzazi wake ishara, na mzazi akiuliza huambiwa mtoto amekufaje. Jibu la sifuri maana yake ni kwamba kazi ilikwisha salama. Jibu la namba nyingine huonyesha kwamba mchakato wenyewe umekiri kushindwa. Na kama uliuawa, mzazi hupewa namba ya ishara iliyouua. Ishara ya 11, kwa mfano, ni ya yule aliyegusa kumbukumbu isiyo halali, na ya 9 ni ya aliyekatwa pasipo kupewa nafasi ya kujitetea.

Kwa utaratibu huo mzazi hahitaji kupiga doria. Habari humfikia mwenyewe, tena mara moja. Ndiyo maana tangu zamani init iliweza kuandikiwa katika jedwali lake kwamba mchakato fulani ukifa uzaliwe tena.

Iko njia nyingine, ambayo hupendwa na wenye haraka nayo ina ila kubwa. Katika njia hiyo mchakato huandika namba yake katika jalada, na programu ndogo huja kila dakika kutazama kama mwenye namba hiyo yu hai. Hila yake iko katika namba zenyewe, kwa kuwa namba za waliokufa hugawiwa wengine. Mlinzi anaweza kukuta namba aliyoitafuta ikiwa hai, akaandika kwamba mambo ni salama, kumbe namba hiyo imekwisha kupewa mchakato mwingine kabisa usiohusika. Ni kama kumhesabu mwanafunzi kuwa yupo darasani kwa sababu dawati lake lina mtu.

Tena, kufa si hali pekee inayohitaji mlinzi. Mchakato unaweza kuwa hai kwa hesabu ya mfumo, una namba na una kumbukumbu, lakini umekwama ukingojea jibu lisilokuja. Kwa hali hii dawa yake ni saa ya ulinzi: hesabu inayoteremka kuelekea sifuri, na mchakato ulio mzima hauna budi kuirudisha juu kila mara. Ukikaa kimya hadi hesabu ikafika sifuri, mfumo huuchukulia kuwa umekufa. Saa za namna hii zimo hata ndani ya vyuma vya kompyuta zenyewe, nazo huweza kuizima na kuiwasha mashine nzima pasipo kuiomba programu yoyote ruhusa. Hilo pia ndilo jibu la swali ambalo wanafunzi werevu huliuliza upesi: mlinzi mwenyewe akifa, nani atamwinua? Hatimaye ni lazima awepo mlinzi asiyekuwa programu.

KWA NINI DAWA HII HUPONYA

Mtu anayefikiri kwa utulivu atastaajabu kwamba kuanzisha upya kunafaa kitu. Programu ni ile ile, herufi kwa herufi. Kama ilianguka mara ya kwanza, kwa nini isianguke mara ya pili?

Jibu lililo bora lilitolewa na Jim Gray mwaka 1985, katika maandishi yaliyouliza kwa nini kompyuta husimama na nini kifanyike. Gray alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa shabaha ya kutengeneza kompyuta zisizosimama, zilizonunuliwa hasa na mabenki. Yeye aligawanya kasoro za programu katika mafungu mawili, akayapa majina ya wanafizikia wawili mashuhuri. Fungu la kwanza ni la Bohr: kasoro zilizo imara kama atomu ya Niels Bohr, ambazo ukiipa programu data ile ile, itaanguka mahali pale pale kila mara. Fungu la pili ni la Heisenberg: kasoro ambazo hutokea pale mambo mawili yanapokutana kwa bahati mbaya katika nukta moja, na ukirudi kuzitafuta huzioni. Kasoro za Bohr hudhihirika mapema, hivyo nyingi hung'olewa wakati wa majaribio. Zinazobaki katika programu iliyokwisha kutumika kwa muda ni zile za Heisenberg.

Gray hakuishia kwenye nadharia. Ilichunguzwa programu moja ya kupanga kazi za uchapishaji katika kompyuta nyingi za Tandem, na katika hitilafu 132 zilizoandikwa, ni moja tu iliyokuwa ya Bohr. Zilizobakia zilitoweka kazi ilipojaribiwa tena. Hapo ndipo ulipo msingi wa desturi nzima. Kuanzisha upya huponya kwa sababu mkutano ule wa bahati mbaya haujirudii upesi.

Huko Sweden, katika kampuni ya Ericsson, wazo hili lilipelekwa mbali zaidi. Joe Armstrong na wenzake walibuni katika miaka ya 1980 lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu. Kanuni yao inashtua wengi waisikiapo kwa mara ya kwanza: mchakato uliopatwa na jambo usilolielewa usijitibu, bali ufe. Kujitibu ukiwa na data zilizovurugika ni hatari kuliko kufa. Kazi ya kuamua lifuatalo huachiwa msimamizi, ambaye hakuguswa na ajali na ana akili timamu. Msimamizi huanzisha mchakato mpya. Lakini vifo vikizidi idadi aliyopangiwa katika muda aliopangiwa, naye hufa, na shauri hupanda kwa msimamizi wake, kama vile shauri lililomshinda mjumbe wa nyumba kumi linavyopelekwa ngazi ya juu. Ustaarabu wa mpango huu uko katika kule kukubali kushindwa. Mlinzi asiyejua kushindwa hafai.

Hata safari ya kwanza ya binadamu kutua mwezini iliokolewa kwa kuanzisha upya. Tarehe 20 Julai 1969, chombo kilichowabeba Neil Armstrong na Buzz Aldrin kilipokuwa kikishuka, kompyuta yake ilitoa onyo la namba 1202, ikarudia tena na tena, na baadaye ikatoa la 1201. Kompyuta hiyo, yenye nafasi ya maneno 2,048 tu ya kumbukumbu iliyoweza kuandikwa na kufutwa, ilikuwa imelemewa: rada moja ambayo haikuhitajika katika kutua ilikuwa ikiipelekea mipigo mingi isiyo na maana, nayo ikala sehemu ya muda wake. Wahandisi wa Massachusetts walioiandika programu walikuwa wameipanga kwa hekima kubwa. Kila ilipolemewa ilianza upya mara moja, ikaziacha kazi zisizo za lazima, na ikaziendeleza zile za kuongoza injini kutoka pale zilipokuwa zimefikia. Chombo hakikuyumba.

Lakini watu wanaousimulia mkasa huu huacha mara nyingi nusu yake iliyo muhimu. Huko Houston, majuma machache kabla ya safari, katika zoezi la kuigiza kutua, onyo la jamii hiyo lilitolewa na wasimamizi wakaamuru safari ivunjwe, kumbe haikustahili kuvunjwa. Baada ya kosa hilo waliagizwa kuchunguza kila onyo ambalo kompyuta ingeweza kulitoa na kuandika lipi ni la kuvunja safari na lipi si la kuvunja. Siku ya kutua ilipofika, orodha ilikuwa mezani. Kompyuta ilijiinua yenyewe, ni kweli. Lakini waliosema safari iendelee walikuwa watu, na walisema hivyo kwa sababu walikuwa wamekwisha kuuelewa ugonjwa.

DAWA INAPOGEUKA KUWA MARADHI

Tarehe 15 Januari 1990, mchana, mtambo mmoja wa kuunganisha simu za masafa marefu mjini New York, mali ya kampuni ya AT&T, uliona hitilafu ndogo ndani yake. Ukafanya kama ulivyofundishwa: ukawaarifu jirani zake kwamba hautapokea simu, ukajianzisha upya kwa muda wa sekunde chache, ukarudi kazini. Programu ya mitambo hiyo ilikuwa imebadilishwa mwezi mmoja kabla. Kwa programu hiyo mpya, mtambo uliorudi kazini ulianza tu kupeleka simu, na jirani alipopokea ujumbe wa simu alitambua kwamba mwenzake amepona, akaanza kurekebisha kumbukumbu zake. Kama ujumbe wa pili ungefika wakati urekebishaji haujakwisha, kasoro moja ndogo, amri moja ya kutoka katika sehemu ya programu iliyowekwa mahali pasipostahili, ingeziharibu data za jirani. Jirani angeona data zake zimeharibika. Naye, kama alivyofundishwa, angejianzisha upya. Na akirudi kazini angewapelekea simu jirani zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mitambo 114, yote yenye programu ile ile, iliendelea kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kwa muda wa saa tisa, na karibu nusu ya simu zilizopigwa katika mtandao ule hazikupita. Hapana mtambo hata mmoja uliokufa moja kwa moja. Kila mmoja ulijitibu sawasawa na kwa haraka, na kwa kujitibu uliwaambukiza wengine. Wahandisi walifaulu kuituliza hali walipopunguza wingi wa ujumbe uliokuwa ukipita. Kwa mtu anayedhani kwamba kuanzisha upya hakuwezi kuleta madhara, kwamba ubaya wake wa mwisho ni kutosaidia, mkasa huu watosha.

Mkasa wa pili ni mzito zaidi, nao una somo la hesabu ambalo kila mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kulitumia. Sehemu moja ya kumi, yaani 0.1, ambayo huandikwa kwa urahisi katika tarakimu za kumi, haina mwisho katika tarakimu za mbili. Hujirudiarudia milele, kama vile theluthi moja inavyoandikwa 0.333 bila kikomo. Mashine ya kuongozea makombora ya kujihami ya Patriot ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na thamani ya 0.1 iliwekwa katika nafasi ya tarakimu 24. Kilichobaki kilikatwa. Kosa lililoingia ni dogo mno, karibu sekunde 0.000000095 kwa kila sehemu ya kumi. Lakini saa 100 zina sehemu za kumi 3,600,000. Mwanafunzi akizidisha atapata takriban sekunde 0.34. Kombora la adui liendalo zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, katika muda huo huwa limekwisha kwenda zaidi ya nusu kilomita.

Dawa ilijulikana. Kuizima mashine na kuiwasha upya, kazi isiyozidi dakika mbili, kulirudisha hesabu kwenye sifuri na kosa likatoweka. Tarehe 11 Februari 1991 Waisraeli walikuwa wamekwisha kuwaarifu Wamarekani kwamba shabaha hupotoka mashine ikiachwa kwa saa nyingi. Tarehe 21 walioko vitani walipelekewa taarifa kwamba kuitumia mashine kwa muda mrefu sana huleta upotovu. Taarifa haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Tarehe 25, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mashine iliyokuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 100 ililitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo, na askari 28 wa Marekani waliuawa ndani ya bweni lao. Programu iliyosahihishwa iliwasili kesho yake.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hapa hapakuwa na mfichaji, na jambo hilo ndilo la kutisha. Wote waliohusika walikuwa wamesema ukweli, isipokuwa hawakuusema kwa tarakimu. Kuanzisha upya kulibaki kuwa ushauri wa jumla, kama ule wa kumwambia mgonjwa apumzike, hali kilichohitajika kilikuwa ni amri yenye saa na dakika. Mwaka 2015 ilionekana kwamba vidhibiti vya jenereta katika ndege za Boeing 787 vingeweza kujizima vyote kwa pamoja vikiachwa na umeme kwa siku 248 mfululizo. Mwanafunzi anaweza kuithibitisha tarakimu hiyo kwa kugawanya mbili kwa kipeo cha 31, ambayo ni hesabu ya sehemu za mia za sekunde, kwa sehemu za mia za sekunde zilizomo katika siku moja. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani haikushauri. Iliamuru umeme wa ndege hizo uzimwe kwa vipindi maalumu hadi programu itakapotengenezwa. Kuanzisha upya kwa namna hiyo ni tiba halali, kwa kuwa kuna sababu inayojulikana, kipimo kilichoandikwa, na siku ya kukoma.

KUHESABU NA KUANDIKA

Kutokana na hayo, sharti la kwanza la mlinzi mwema ni kujua kuhesabu. Init ya zamani ilikuwa na adabu hiyo: mchakato uliozaliwa na kufa zaidi ya mara kumi katika dakika mbili iliuacha upumzike kwa dakika tano, na ikaandika kwamba unazaliwa upesi kupita kiasi. Systemd, iliyoanza mwaka 2010 na ambayo baadaye ilichukua nafasi ya init katika seva nyingi za Linux, kwa kawaida huacha kabisa mchakato ukianzishwa mara tano ndani ya sekunde kumi. Nyingine huongeza muda wa kungoja maradufu, sekunde 10, kisha 20, kisha 40, mpaka dakika tano. Kungoja huku si ubahili. Kasoro ya Bohr haiponi kwa kurudiwa, na mlinzi anayeirudia mara mia kwa dakika anaongeza mzigo juu ya seva ambayo pengine imeanguka kwa sababu ya mzigo. Pamoja na hayo, wako watunzaji wa seva ambao, wakikerwa na kikomo hicho, hukiondoa. Kufanya hivyo ni sawa na mtu kukata waya wa kengele ya moto kwa kuwa inapiga kelele.

Sharti la pili ni ngumu zaidi, nalo huwahusu waandishi wa programu kuliko watunzaji. Mchakato hufa katikati ya kazi. Ile ya kupokea malipo inaweza kufa baada ya kutoa fedha katika hesabu ya mtu mmoja na kabla ya kuziingiza katika hesabu ya mwingine. Mlinzi akiianzisha upya nayo ikaanza kazi ile tangu mwanzo, fedha zitatolewa mara mbili. Ikiiacha, zitapotea njiani. Mifumo ya data iliyoandikwa vizuri huandika nia yake kwanza katika daftari lisilofutika, ndipo ikatenda. Na ikiinuliwa husoma daftari, ikamaliza iliyoahidi au ikafuta iliyoanza. Asiyeiandika programu yake hivyo hastahili kuiwekea mlinzi, kwa maana mlinzi atamsaidia kuharibu kwa haraka zaidi. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuweka mshahara na karo za watoto ndani ya simu. Jambo lililokuwa la wasomi wa mabenki sasa ni la mama muuza samaki.

Lililo kubwa kuliko yote ni daftari la vifo, na hapo yafaa kuutazama mkasa mmoja wenye mwisho mwema. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua juu ya sayari ya Mars. Siku chache baadaye, kilipoanza kukusanya habari za hali ya hewa, kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha. Saa ya ulinzi ndiyo iliyofanya hivyo, nayo ilikuwa na haki. Mchakato wa cheo cha juu, uliosimamia njia ya kupitishia data, ulikuwa unangojea kufuli iliyoshikwa na mchakato mdogo wa hali ya hewa. Na mchakato huo mdogo haukupata zamu ya kumaliza kazi yake na kuiachia kufuli, kwa sababu michakato ya cheo cha kati, iliyokuwa ikishughulikia mawasiliano, iliwekwa mbele yake. Hivyo mkubwa alizuiwa na wa kati, kupitia kwa mdogo. Saa ikafika sifuri, kompyuta ikaanza upya. Chombo hakikuharibika, ila kazi ya siku iliyobaki iliahirishwa hadi kesho yake.

Wahandisi wa Pasadena wangeweza kusema chombo kinajiinua chenyewe, basi kiachwe. Hawakusema hivyo. Walikuwa na kompyuta pacha hapa duniani, na programu ya pacha huyo, kama ya yule aliyeko Mars, ilikuwa imeachiwa uwezo wa kuandika kila tukio: mchakato gani ulipewa zamu, nani alishika kufuli, na lini. Waliisumbua mashine pacha hadi ikaanguka kama mwenzake, wakasoma daftari, wakaona. Tiba yake ilikuwa kugeuza thamani moja, ili mchakato mdogo ulioshika kufuli uazimwe cheo cha yule mkubwa anayeingojea, na badiliko hilo lilipelekwa Mars kwa redio. Baadaye ilielezwa kwamba kujizima kwa namna hiyo kulikuwa kumeonekana hata kabla ya safari, ila kulikataa kujirudia kilipotafutwa chanzo chake, na kazi ya maandalizi ya kutua ilikuwa nyingi. Kasoro ya Heisenberg, kama alivyoieleza Gray. Laiti uwezo wa kuandika ungaliondolewa kabla ya safari ili kupunguza mzigo, kama desturi ya wengi ilivyo, kasoro ile isingalipatikana.

Mitaala ya kompyuta humtaka mwanafunzi ajue sehemu za mashine na majina ya programu, naye huyakariri akafaulu. Hakuna mahali anapofundishwa kusoma maiti ya programu. Ufundi huo hauhitaji maabara ya fedha nyingi. Kompyuta moja kuukuu yenye Linux hutosha darasa zima. Wanafunzi waandike programu mbili fupi. Ya kwanza ife kila isomapo mstari fulani wa jalada, bila kukosa. Ya pili itazame saa, ife pale tu sekunde zinapoishia na tarakimu 7. Kisha waandike mlinzi wa mistari isiyozidi ishirini, azae mchakato, angoje kifo chake, auzae tena. Wataona kwa macho yao jinsi mlinzi anavyoiokoa programu ya pili hata ikaonekana nzima, na jinsi anavyozunguka bure na ya kwanza, prosesa ikapata moto. Hapo wapewe kazi ya kumwongezea mlinzi kikomo, kungoja maradufu, na daftari la saa, namba ya mchakato na ishara iliyouua. Daftari hilo asilisome yule aliyeiandika programu. Apewe mwanafunzi wa kundi jingine, naye aeleze kwa maandishi ni mara ngapi mchakato ulikufa na kwa sababu gani. Akishindwa kueleza, kundi lirudie kuandika mlinzi, si programu iliyokufa.